Vifungo Kumi vya Fundi Sindano

Fundi Sindano alishona sare za shule miaka thelathini na minne bila kumchoma mtu hata mmoja. Jina la Sindano alilipata kwa ulimi wake. Karakana yake na yangu zimepakana ukuta kwa ukuta. Mimi natengeneza redio, au niseme nilikuwa natengeneza, maana siku hizi redio ikikohoa watu wanaitupa na kununua nyingine inayokohoa kwa sauti nzuri zaidi.

Mtambo wa gemu uliingia maishani mwake kupitia kwangu. Mteja aliniletea ukiwa umekufa, nikaufufua, mwenyewe asirudi. Ulikula vumbi kwenye rafu yangu miaka miwili, na ndani yake diski moja ya mchezo wa kutisha uitwao Korido. Sindano akaomba aujaribu kidogo wakati pasi inapata moto. Siku hiyo ziliungua suruali mbili.

Ile Korido ya kwanza ilikuwa kazi ya watu waliojua kazi. Unamwongoza mlinzi wa jengo, mtu mzima mwenye kitambi, na tochi yake imechoka. Risasi ni kumi tu, mwanzo hadi mwisho. Ramani hakuna. Sindano aliichora mwenyewe kwa chaki ya kushonea juu ya karatasi za kukatia nguo, chumba baada ya chumba, na kila penye zimwi akabandika kifungo. Mlango ulifunguka taratibu mpaka wewe mchezaji ukajuta kuzaliwa na macho. Na zimwi lenyewe ulilisikia likiburuta mguu mara mia kabla ya kuliona mara moja.

Dada yake mkubwa, muuguzi, alipita kumsalimia siku moja, akatazama dakika tano, akapiga yowe na kumwaga chai juu ya gauni la mteja. Tangu hapo, kila Korido mpya ilipotoka, alipanda treni siku nzima kuja kutishwa. Wawili hao hawana ndugu mwingine aliye hai, na hakuna kati yao anayeweza kusema "nimekukumbuka". Walipigiana simu na kusema, "Korido imetoka."

Kuanzia ya tano mambo yakaharibika. Wapo wanaozipenda hizi mpya, nami sigombani nao, mdomo ni mali yao. Lakini dada alianza kupiga miayo kwenye ya saba, na kwenye ya nane alilala kabisa, miwani ikiwa puani. Alipostaafu, magoti yakiwa yamevimba, akatuma neno: "Hii ya tisa nakuja. Isiponitisha, mdogo wangu, usinitegemee tena. Sipandi treni siku nzima kuja kusinzia."

Sindano alinisomea ujumbe huo mara tatu, kama mtu anayetafuta mshono ulioachia. 

Jumamosi dada akafika. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kwa hiyo Sindano akachukua mapazia mazito meusi aliyokwisha kushona kwa ajili ya ukumbi wa shule, akayabana kwa pini madirishani na mlangoni. Giza likatulia. Tukakaa watatu kwenye benchi la wateja.

Korido ya tisa ikawaka. Mlinzi wetu mwenye kitambi hayupo. Yupo mwanajeshi mwenye kifua kama kabati.

"Huyu ataogopa nini?" dada akauliza. "Huyu zimwi ndilo limwogope."

Bunduki yake haikuishiwa risasi. Pembeni mwa skrini palikuwa na ramani iliyochorwa tayari, na mshale wa kumwonyesha njia, na sauti sikioni mwake ikimwambia fungua hapa, ruka pale.

"Ana mama mkwe humo sikioni," nikasema.

"Nyamaza, mzee, tunatishwa," Sindano akajibu, lakini sauti yake haikuwa na ncha.

Kisha ikaja filamu ndefu ya kueleza zimwi lilizaliwa wapi, na nani, na kwa nini lina hasira. Zimwi ukishajua jina la mama yake utalionea huruma, hutalikimbia. Dada akapiga mwayo wa kwanza. Wa pili ulionyesha meno yote aliyobaki nayo. Akaanza kupapasa chini ya benchi akitafuta pochi yake.

"Treni ya saa kumi na moja bado ipo?" akauliza.

Sindano akasimamisha mchezo. Akaenda kwenye meza ya kukatia, akashusha koti la mteja lililokuwa likisubiri vifungo, akarudi na vifungo vyake kumi vyeusi mkononi. Akamwonyesha dada.

"Kila nikipiga risasi, unanidai kifungo. Vikiisha, sipigi tena, nakimbia."

"Na ramani?"

Akakata kipande cha kitambaa cheusi, akakibandika juu ya ramani ile na mshale wake. Nami, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nilikuwa na kazi. Nikashusha mwanga wa televisheni mpaka mwanajeshi akawa kivuli, na ile sauti ya sikioni nikaizima kwenye mipangilio. Zikabaki nyayo.

Mtu akinyang'anywa vitu, anakumbuka kuwa ana ngozi. Vifungo vitatu viliisha kwenye ngazi ya kwanza. Viwili vikapotelea kwenye kabati lililokuwa tupu.

"Umelipiga kabati," dada akanong'ona. "Lete kifungo."

"Lilinitazama."

"Lete."

Kikabaki kimoja. Mahali fulani nyuma yetu, mguu ukaburutwa. Dada alikuwa amenishika sikio bila kujua ni la nani. Mguu ukaburutwa tena, karibu zaidi, na mimi, fundi wa sauti, nikatambua kwamba haukutoka kwenye televisheni.

Pazia la mlangoni likatikisika. Kitu kirefu cheusi kikajikunjua ndani yake na kusema, "Hodi."

Yowe alilopiga dada lilimwamsha kila fundi wa mtaa. Sindano akatupa pedi ya gemu aliyoishika, ikanipiga kwenye paji la uso. Kile kitu nacho kikapiga yowe, kikaanguka na pazia lake, na ndani yake akatokea mwalimu mkuu wa shule, kandambili moja ikiwa imekatika ukanda.

"Nimekuja kuchukua mapazia," akasema akihema. "Yako wapi?"

"Umeyavaa," Sindano akamjibu.

Dada alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye benchi, na kwa magoti yale ilibidi tumwinue watu watatu. Mwalimu mkuu akafunga kandambili kwa uzi, akakaa palipokuwa wazi, akauliza, "Zimebaki risasi ngapi?"

Treni ya saa kumi na moja iliondoka na upungufu wa abiria mmoja.

Dada alipoondoka siku ya pili, Sindano alikusanya vifungo kurudisha kwenye koti. Vilikuwa tisa. Tukapekua benchi, mikeka, mpaka mifuko yangu. Jioni simu ikalia.

"Kifungo ninacho mimi," dada akasema. "Nitakileta mwezi ujao. Tutoe ile ya kwanza, yenye kitambi."

Nilimwona Sindano siku iliyofuata akimkabidhi mteja koti lenye vifungo tisa, bila aibu yoyote.

"Cha kumi kimesafiri," akamwambia. "Njoo mwezi ujao, ukae upande wa pazia."