Mabeseni ya Eunice na Ngitili Iliyosemwa Imekufa

Zipora wa Samuye, ambaye kijiji kizima humwita Mama Maige, aliachiwa ngitili na marehemu mumewe. Ngitili, kwa ndugu zangu mnaoishi mbali na ng'ombe, ni malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo isiyakanyage, kiangazi kikishika kuwe na cha kula. Usukumani unaweza kukosa godoro na bado ukaheshimiwa. Ukikosa ngitili, watu wanakuonea huruma.

Mwaka ule Zipora alikwenda Mwakitolyo kuwapikia wachimbaji wa dhahabu ugali na dagaa, apate ada ya shule ya mwanawe Maige. Ngitili akamwachia shemeji yake, Boaz. Boaz ni mtu mwema, ila hajawahi kumwambia mtu hapana. Wakwe zake walileta ng'ombe katikati ya mvua, akawafungulia. Baadaye wakaja wakwe wa wakwe. Zipora aliporudi alikuta ardhi tupu, ngumu kama uwanja wa mnada.

“Imekufa, shemeji,” Boaz alisema, macho yake yakiwa chini. “Sasa tuikodishe. Kuna watu wanatafuta mahali pa kumwaga marudio.”

Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu. Pakishamwagwa huo, majani hayarudi tena. Zipora alilijua hilo, na Boaz alilijua. Ukoo ukaamua kwamba utakaa kikao kabla ya mvua: ikithibitika ngitili imekufa, ikodishwe.

Wataalamu walikwisha kupita hapo. Mradi mkubwa wa malisho, unaoongozwa na Dokta Sostenes, ulifika na magari, mahema na mtambo wa kupima hali ya hewa uliokuwa ukizunguka kama feni. Zipora aliwapikia na kuwapenda. Walipanda majani ya kuletwa. Katika kijiji kimoja chenye bwawa yalisitawi vizuri. Samuye yalichungulia jua, yakakauka. Mradi ukaandika ripoti yake, ukahama.

Kisha akarudi mmoja wao, binti aitwaye Eunice, peke yake, juu ya bodaboda, amekumbatia mabeseni ya plastiki.

“Shikamoo, Mama Maige.”

“Marahaba, mwanangu. Magari yameharibika?”

“Safari hii nimepewa ruzuku yangu mwenyewe,” Eunice alisema. “Isingetosha kujaza mafuta gari moja la Dokta. Lakini nimeruhusiwa kuuliza swali langu.”

Akaingia ngitilini, akachota udongo hapa na pale, akautia kwenye vifuko na kuviandika alama. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana katika nchi ya dhahabu, mtu msomi akichota udongo wako na kuufunga kwenye vifuko, watu wanaelewa jambo moja tu. Siku ya pili wachimbaji walikuwa uwanjani kwa Zipora na sururu begani, mbele yao Davis, mteja wake wa zamani.

“Mama Maige, kumbe ulikuwa unatulisha dagaa na huku umekalia mwamba wa dhahabu?”

“Nimekalia kigoda,” Zipora akamjibu. “Na deni lako la maharage nalikumbuka.”

Wenzake wakamcheka Davis, lakini hawakuondoka. Boaz naye akabadilika. Habari ya kukodisha hakuitaja tena. Sasa alikuwa akipima kwa macho mashimo yangekaa wapi. Zipora akaona ngitili ya mumewe inakwenda kwa mlango mwingine.

Eunice hakugombana na mtu. Alisema, “Njooni mwone ninachokitafuta.” Akatandaza udongo kwenye mabeseni barazani, akauwekea chandarua ili upepo usilete mbegu za kwingine. Udongo wa mabeseni machache aliukaanga kwanza jikoni kwa Zipora, kwenye sufuria, mpaka ukatoa moshi.

“Dada, hiyo inaliwa na mboga gani?” Davis akauliza.

“Huo nimeuua kwa makusudi. Ukiota na wenyewe, mjue mimi ni mwongo.”

Akawa anamwagilia asubuhi na jioni. Siku zikapita, mabeseni yote yakabaki udongo mtupu. Wachimbaji walipita kila asubuhi kuuliza kama ugali wa udongo umeiva, na Zipora akaanza kuona aibu badala ya mgeni wake.

Asubuhi moja aliinua chandarua kumsaidia kumwagilia, akasimama na kopo mkononi. Kulikuwa na uzi wa kijani, mwembamba kuliko unywele. Kando yake mwingine. Akasogea beseni la pili, la tatu. Udongo uliochotwa pale palipong'aa kabisa, pale Boaz alipoapa kwamba hata mchwa wamehama, ulikuwa umetoa vinywele vya kijani kote. Mabeseni ya udongo uliokaangwa yalikaa kimya.

Zipora akaketi chini. Kwato zote zile, jua lote lile, na chini yake vitu hivi vimelala vinangoja. Yeye alilala nyumba ile miaka yote akidhani anajua alichonacho. Baadaye majani yalipopanuka, alivunja moja akanusa, akaijua harufu ya mikono ya mumewe anaporudi na malisho ya ndama.

Davis alipofika aliinama juu ya beseni kama anavyoinamia karai la dhahabu.

“Mbegu hizi zilikuwa humo humo?”

“Humo humo.”

“Na dhahabu?”

“Sikuitafuta, kaka.”

Davis akavua kofia, akaivaa tena, akawaambia wenzake twendeni.

Jioni Zipora alimwuliza Eunice jambo lililokuwa likimsumbua. “Mwenye magari hakuona hili, wewe mwenye mabeseni umeliona. Kwa hiyo fedha kidogo ndiyo yenye akili?”

Eunice akacheka. “Ingekuwa hivyo, mama, ningeomba wanipunguzie. Kuna wanaolipima hilo hasa: aliyepewa ruzuku kubwa, je, anavumbua zaidi? Mara nyingi kazi inaongezeka, lakini ukimpa mtu maradufu huvuni maradufu.”

“Kama kumpa ng'ombe mmoja majani ya zizi zima.”

“Ndiyo. Ila ukimnyima kabisa, naye hakamuliki.”

Dokta Sostenes alikuja siku ya kikao, kwa kuitwa na Eunice. Alipiga magoti kando ya mabeseni mpaka suruali yake ikaloa magotini. “Sisi tuliomba fedha za kupanda,” alisema taratibu, “tukapewa za kupanda, tukapanda. Nani angetulipa tungoje?” Kisha akainuka na uso wa mtu aliyetoka kanisani. “Lakini hii ni ngitili moja. Kujua kama nchi nzima imelala hivi, Eunice, mabeseni yako hayatoshi. Hapo magari yangu yatatakiwa.”

“Ndiyo maana nimekuita, Dokta,” alisema Eunice.

Boaz akauliza kwa niaba ya ukoo, “Tukiifunga, itarudi lini?”

“Sijui,” Eunice alijibu. “Ninachojua ni kwamba haijafa.”

Wazee wakatazamana. Hatimaye Boaz mwenyewe, ambaye hajui kusema hapana, akasema, “Basi hakuna wa kukodi, hakuna wa kuchimba, na wakwe zangu nitawaambia mimi.” Ukoo ukaafiki, miiba ikakatwa, ngitili ikafungwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Siku chache baadaye, alfajiri, Zipora akavuka uzio, akapiga hatua chache, akasimama. Ardhi yote mbele yake ilikuwa imeanza kuota, hafifu, kama pumzi ya kijani. Alitaka kwenda mbele, akatazama chini, akakosa mahali pa kuweka mguu.