Nilimtubisha Baba kwa Kiarabu

(Mwenye kisa hiki yuko Maskati. Jina lake tumelificha kama alivyotuomba. Mjibuni kwa upole, bado mdogo.)

Mimi ni kijana wa miaka kumi na sita. Tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, sasa tunakaa Matrah, kando ya Maskati, mimi, wazee wangu na dada yangu Salma. Nna haya sana, hata kuagiza mkate dukani sauti hunikauka. Lakini nimesomeshwa Kiswahili na Kiarabu, na Kiarabu cha baba ni cha kusalia tu, kwa hivyo kila anapokwenda mimi ndiye mdomo wake.

Baba alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alichaguliwa kwa chama, na mara nyingi alikwenda na chama. Lakini ulipoletwa mswada wa kuwatoa wakulima mashambani, aliinua mkono na upande wa pili. Wala haikuwa mara moja tu. Wenzake wakamwita Bwana Popo, si ndege si mnyama. Jina limetufuata mpaka huku. Watoto wa kwetu hunipigia mbawa nikipita sokoni. Mimi huinamisha kichwa. Nilikuwa nikimwonea haya baba, nasema kweli.

Mwezi uliopita walikuja kumposa Salma. Ami yake bwana harusi, mzee wa hapa asiyejua neno la Kiswahili, alimaliza kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaniambia, "Muulize babako. Kweli aliwageuka watu wake?"

Nilipomfasiria, baba hakusita. "Mwambie kweli. Na leo wakinirejesha pale, ntauinua tena mkono huu huu."

Nikamwona Salma akichungulia nyuma ya pazia. Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema shetani alimpitia. Anajuta, na anamwomba Mungu amsamehe."

Yule mzee akainuka, akambusu baba kwenye kipaji cha uso. Posa ikapita.

Walipoondoka, baba alimwambia mama, machozi yanamlenga, "Umewaona? Wenzangu wa chama nimewaeleza miaka, hawakunifahamu. Hawa kikao kimoja tu!" Salma, asiyejua nilichofasiri, akanifinya shavu: "Mkalimani wangu, sahani ya mwanzo ya halua yako wewe."

Tangu hapo baba anatembea kifua mbele, na mimi siwezi kumtazama usoni. Sasa ami ameleta salamu: siku ya nikahi, baada ya Idi, atasimama mbele ya watu amsifu baba kwa toba yake. Watu wa kwetu wanaojua lugha zote mbili watakuwepo. Watacheka, na baba atanigeukia mimi, "Kasema nini?"

Nikimwambia sasa, atakwenda mwenyewe kukanusha, namjua, na Salma ataachwa. Nikinyamaza, mtu aliyekataa kuinamishwa na chama kizima nitakuwa nimemwinamisha mimi, mwanawe.

Jamani, nishaurini, nishike lipi? Na kama ni kusema, nianze kwa baba au kwa Salma?