Mama Vibao, aliyewaketisha mahasimu bega kwa bega

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa ukumbi wa kamati ya afya bungeni unafunguliwa. Mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni anaingia kinyumenyume akivuta kitoroli, maana kizingiti cha mlango huo kimeinuka na ukitanguliza kitoroli mbele glasi zote zinakwenda chini. Zilishakwenda mara moja, mwaka wake wa kwanza kazini. Hajarudia tena.

Kwenye kitoroli kuna majagi manne ya maji, glasi, kitambaa cha kufutia meza na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku mna vibao kumi na tisa vya majina, kimoja cha mwenyekiti na kumi na nane vya wajumbe. Kuvipanga mezani ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na miwili sasa, na ndiyo iliyompa jina. Bunge zima linamwita Mama Vibao. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye orodha ya mishahara, na hata huko, anasema kwa kucheka, wamelikosea.

Leo hacheki sana. Juu ya sanduku kuna karatasi aliyopewa jana mchana na karani wa kamati, ambaye ni mkuu wake wa kazi. Ina mchoro wa meza. Wajumbe wa chama tawala wakae upande wa madirisha, wapinzani upande wa ukuta, kama ilivyokuwa zamani. Uchaguzi umebakiza miezi saba na wakubwa wa vyama hawataki tena kuona watu wao wakinong'onezana na upande wa pili.

Saa nne kamati inakutana kupiga kura. Inaamua kama nchi iendelee kuchangia, kwa miaka mitatu, mfuko wa chanjo ambao nchi tano jirani zinauendesha kwa pamoja. Idhini ya mwaka jana inakwisha mwezi huu. Isipopita leo, wajumbe wanatawanyika kwenda majimboni kutafuta kura, na hoja italala hadi baada ya uchaguzi.

"Mimi ni mtu wa kutumwa," anasema huku akifuta meza. "Nikiambiwa weka hapa, naweka. Lakini leo roho inaniuma, siwezi kukuficha."

Inamuuma kwa sababu ya binti yake. Ni mtoto wake wa pekee, muuguzi katika zahanati ya mpakani, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama Vibao alimsomesha kwa kupiga pasi nguo za watu kila Jumamosi na Jumapili kwa miaka minne, kwa kuwa mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa ukifika tarehe ishirini unachechemea. Nyuma ya zahanati hiyo kuna kijito kilichokauka. Ng'ambo ya kijito ni nchi nyingine.

Mwaka jana surua ililipuka huko. Kwa wiki moja zahanati ilipokea watoto arobaini na sita, karibu nusu yao wamebebwa mgongoni kutoka ng'ambo. Chanjo iliyokuwa ndani ya jokofu ilitosha siku mbili. Dozi nyingine zilikuwa zikisubiri fedha za mfuko wa pamoja, na fedha zilikuwa zikisubiri kamati hii hii, iliyokwisha kuahirisha hoja mara tatu.

"Nilimuuliza kwenye simu, hao wa ng'ambo mnawatibu kwa utaratibu gani?" anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, mtoto anawaka homa, nimuulize uraia? Surua yenyewe haikuulizwa.'"

Simu hiyo ndiyo iliyozaa balaa. Au baraka, inategemea unamuuliza nani.

Jioni iliyotangulia simu hiyo, ukumbi ulikuwa umetumiwa na wageni, kwa hiyo vibao vyote viliondolewa. Mama Vibao alivirudisha sandukuni kwa mpangilio wa herufi, A hadi Z, ili ajue haraka kama kuna kilichopotea. Asubuhi ilikuwa avitoe na kuvitenga upya, hawa wa madirishani, hawa wa ukutani. Ni jambo alilokuwa akilifanya hata akiwa amefumba macho. Lakini binti alipiga simu wakati huohuo akilia. Mama akaibana simu kati ya sikio na bega, akawa anatoa kibao kimoja kimoja na kukiweka mezani kwa jinsi kilivyomjia mkononi. Alizunguka meza yote hivyo. Alipokata simu alijifuta machozi, akatoka kwenda kujaza maji.

Matarishi wawili wa vyama nao wakaja na mafaili yao. Kila chama huwa kinawapa wajumbe wake karatasi ya msimamo, yaani maelekezo ya siku hiyo, ndani ya faili lililofungwa. Matarishi hawakusoma vibao. Ya nini? Tangu waanze kazi, madirishani ni kwao hawa na ukutani ni kwao wale. Wakaweka mafaili, wakaenda zao.

Kufikia saa nne kasoro, waheshimiwa wakaanza kuingia, na kila mmoja akawa anazunguka meza akijitafuta kama mtu aliyepotelewa na ndala msikitini.

Yupo mjumbe wa upinzani ambaye wahudumu wanamwita Radi, kwa sauti yake. Yupo mama mmoja wa chama tawala wanayemwita Daktari wa Ng'ombe, kwa kuwa alitibu mifugo kwa miaka kumi na tano kabla ya kuingia siasa. Wawili hawa walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka uliotangulia, walipotupiana maneno mbele ya wanahabari. Vibao vyao vilikuwa vimekaa pamoja ukutani, hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha mkono.

"Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani," anasema Mama Vibao. Alikuwa amesimama na jagi mkononi, na alipowaona wakiketi ndipo akili ilipomrudia.

Kurekebisha haikuwezekana. Mtu wa kunasa sauti alikwisha kuandika nani yuko kwenye kipaza sauti gani, na kanuni ya kamati inasema mwenyekiti akishagonga meza, mjumbe anabaki penye kibao chake hadi mapumziko. Mwenyekiti, bibi wa makamo asiyependa kupotezewa muda, alitazama kulia, akatazama kushoto, akagonga.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," Radi alinguruma, akimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho.

"Wanakaa, mheshimiwa," akajibu Daktari wa Ng'ombe bila kuinua kichwa. "Ukiwapa majani ya kutosha. Nimeona kwa macho yangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Radi mwenyewe akashindwa kujizuia. Kisha yule mama akafungua faili lililokuwa mbele yake, akasoma mstari wa kwanza, akagundua kuwa si la chama chake. Lilikuwa la upinzani. Radi akanyoosha mkono kulinyakua, akachelewa.

Kwa mujibu wa watu watatu waliokuwapo, karatasi ilisema hivi: hoja ya chanjo ni nzuri na watoto wanaihitaji, lakini isipite leo, wenzetu wasije wakajitwalia sifa.

Daktari wa Ng'ombe hakukasirika. Aliomba faili moja lililokuwa madirishani lipitishwe mezani, akalifungua, akaliweka kando ya lile la kwanza mbele ya Radi. Lilikuwa la chama chake mwenyewe. Lilisema maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine. Hoja ni nzuri, isipite leo, sifa zisiende kwao.

"Nilimwona Mheshimiwa Radi anasoma huku, anasoma kule," anasema Mama Vibao. "Akavua miwani. Akasema taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi maana sijawahi kumsikia akisema taratibu: 'Kumbe tunaua watoto kwa sababu ya nani apigwe picha.'"

Mwenyekiti aliita mapumziko ya nusu saa. Badala ya kutoka nje, wale wawili walibaki vitini wakiandika kwenye ukurasa mmoja. Waliporudi wenzao, hoja ilikuwa na saini mbili kwenye mstari mmoja, ya huku na ya huku, na sharti jipya chini yake: hakuna mjumbe atakayezungumza na wanahabari kuhusu mfuko huo peke yake. Anayetaka kusema aende na mmoja wa upande wa pili. Anayetaka kukagua zahanati vivyo hivyo, na gari liwe moja.

Ilipita siku hiyohiyo. Dozi zilifika mpakani baada ya siku tisa.

"Kabla ya hapo nilikuwa naingia kwenye mikutano nikijua nani wa kumpinga," anasema Daktari wa Ng'ombe, aliyekubali kuzungumza akiwa amekaa na Radi, kama sharti linavyotaka. "Ugonjwa wa mifugo ulinifundisha zamani kwamba ukichanja zizi lako ukaacha la jirani, umefanya kazi bure. Sijui kwa nini nilidhani siasa ina sheria zake."

"Mimi bado nampinga kwa mengi," anadakia Radi. "Kuhusu barabara, huyu mama simwelewi kabisa. Lakini chanjo tumemaliza. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Na Mama Vibao? Alipewa barua ya onyo. Mwenyekiti aliomba ifutwe, karani akaahidi, na mambo ya ofisi yakawa mambo ya ofisi. "Ipo kwenye faili langu mpaka leo," anasema. "Kila siku naambiwa asante Mama, umetuunganisha. Barua haijatoka."

Wajumbe wenyewe ndio walioomba waendelee kukaa kwa herufi. Wakakaa hivyo kwa mwaka mzima, mpaka ilipokuja karatasi ya jana.

Ndiyo maana asubuhi hii anatoa vibao polepole. Mwenye barua moja ya onyo hatafuti ya pili, tena amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Anaweka madirishani kumi na kimoja, ukutani saba, sawasawa na mchoro. Anarudi nyuma, anatazama, anatikisa kichwa. Kisha anakwenda kusimama pembeni na majagi yake.

Saa tatu na dakika hamsini Radi anaingia. Anatafuta kibao chake, anakiona ukutani katikati ya watu wa chama chake, anasimama.

"Mama, nani kakuambia upange hivi?"

"Nimetumwa, mheshimiwa."

"Umetumwa na wewe umefanya kazi yako. Sawa." Anatazama saa iliyopo ukutani. "Mwenyekiti bado hajagonga, siyo?"

"Bado, mheshimiwa."

Radi anachukua kibao chake, anazunguka meza, na kukitua madirishani kando ya cha Daktari wa Ng'ombe. Mjumbe kijana wa chama tawala aliyekuwa amepangwa hapo anamtazama, anaguna, kisha naye anabeba chake kwenda ukutani. Wa tatu anafuata. Dakika tano baadaye watu wazima wenye suti wanapishana na vibao mikononi wakiulizana nani anaanza na herufi gani. Watatu wanabaki vitini mwao wamekunja mikono, na hakuna anayewalazimisha.

"Mnanipa kazi mara mbili!" analalamika mtu wa kunasa sauti, akifuta orodha yake na kuanza upya.

Mama Vibao hajasogea. Machozi yanamtoka na hayafuti, kwa kuwa mikono yote miwili imeshika jagi.

Mwenyekiti anaingia, anatazama, anagonga. Mjadala unachukua saa mbili na si wa upole. Mjumbe mmoja anauliza kwa nini nchi ilipie watoto wa watu wengine, na anajibiwa na mwenzake wa chama chake mwenyewe. Kura zinapigwa kwa kunyoosha mikono. Kumi na wanne wanakubali, watatu wanakataa, mmoja hayupo. Hoja ya miaka mitatu imepita.

Nje kwenye korido, Mama Vibao anampigia binti yake. Simu inaita muda mrefu kabla ya kupokelewa, na kwa nyuma kunasikika vurugu za watoto.

"Imepita, mwanangu. Mitatu."

"Mitatu, Mama? Kweli?"

"Kweli. Nenda kafanye kazi."

Anakata simu na kuketi kwenye kiti cha mlinzi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Karani amekwisha kumpitia na kumwambia kwamba wakubwa hawajafurahi na kwamba watazungumza kesho. Anasema kesho itajijua. Alifuata mchoro, na mashahidi anao kumi na wanane.

Akistaafu, ana mpango mmoja tu kabla ya yote. Atapanda basi kwenda mpakani. Hajawahi kufika, kwa miaka sita binti ndiye anayekuja. Ameshaulizia siku ya chanjo, ni Jumatano.

"Binti yangu aliniambia mtoto mwenye surua kali halii," anasema. "Ananyamaza tu, anakutazama. Wiki ile zahanati nzima ilikuwa kimya, watoto wote wale, kimya. Sasa mimi nataka nikae benchi pamoja na wale akina mama, wa huku na wa ng'ambo, niwasikie wajukuu zangu wakipigwa sindano."

Anasimama, anashika kitoroli. Kamati ya bajeti inaingia saa nane.

"Nataka nikawasikie wakilia," anasema.