Kipande Chetu cha Ukuta

Nianze na la kuchekesha, kwa sababu hasira yangu nikiiacha itangulie hatutafika popote. Shule yetu ya Burat ilikuwa na mahali pa kuota moto. Si jikoni, la. Nasema mahali pa kuota moto, ndani ya darasa, pamoja na bomba la moshi la mawe lililotokeza juu ya paa. Isiolo, jamani! Mji ambao ikifika saa nne asubuhi mbuzi wenyewe wanagombania kivuli. Mzungu aliyechora ramani ya ile nyumba, muda mfupi baada ya vita vya kwanza vya Mjerumani, nadhani aliikumbuka baridi ya kwao, akaichora nayo. Moto haukuwahi kuwashwa hata siku moja. Kuku wa mlinzi walitagia humo, na mwanafunzi aliyezidi kelele aliambiwa aingie akakae nao.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu. Kuta zake zilikuwa za mawe meusi ya kuokotwa, nene hivi kwamba nikipanda dawati nikaingiza mkono dirishani hadi begani, vidole vyangu ndiyo kwanza vinatokea upande wa pili. Madirisha yalikuwa madogo na yako juu sana. Walimu walituambia yalipandishwa ili tusichungulie nje wakati wa hesabu. Nyanya yangu, aliyenilea, alisema ni kwa sababu ya upepo wa vumbi, na mimi namwamini nyanya, maana alikuwepo. Juu kulikuwa na boriti za mutarakwa, mti wa milimani usioliwa na mchwa, zilizokokotwa na maksai kutoka upande wa Meru. Paa la kwanza lilikuwa la majani ya mikoma, ile mitende ya mwitu. Mabati yalikuja baadaye, yakiwa yameshatumika kwenye karantini ya mifugo, kule serikali ilikowazuilia ng'ombe wasipeleke magonjwa kwenye mashamba ya wazungu. Wazee wetu wengi walikuwa wachungaji wa karantini hiyo, na shule ilijengwa kwa ajili ya watoto wao.

Ilijengwa na nani sasa? Ukisoma vitabu vya serikali utaambiwa ilijengwa na serikali. Nyanya akisikia hivyo alikuwa akitema mate pembeni. "Serikali gani? Hii nyumba mimi nilibeba mawe yake na hii kichwa," alikuwa akisema, akijigonga utosini. Alikuwa msichana mdogo wakati huo. Wanawake na wasichana wa Kiturkana waliyatoa mawe kwenye laga, ule mto wetu usio na maji, wakayapanga kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu. Saruji haikuwepo, isipokuwa kwenye lile bomba la moshi la mzungu.

Sasa udongo ni udongo, mvua ikija unaondoka. Ndiyo maana kulikuwa na desturi ambayo sijaiona shule nyingine yoyote. Kila boma lilikuwa na kipande chake cha ukuta. Kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Oktoba, wanawake walikuja na ndoo kuziba nyufa, kila mtu kwenye kipande cha kwao. Chetu kilikuwa upande wa mashariki, kutoka mlangoni mpaka dirisha la pili. Hata boma likiwa limehamia na mifugo Kipsing, lilimtuma mtu arudi kuja kupaka. Kipande kikiachwa wazi, wanawake wengine walikitungia wimbo wa matusi, na wimbo huo uliwafuata wasichana wa boma hilo mpaka siku ya kuolewa. Mimi, msichana wa boma letu, nimepaka ule ukuta tangu nikiwa na miaka mitano. Nilikuwa nikikaa darasani nikiutazama na kujua lipi ni jiwe letu.

Nilipokuwa darasa la sita, katikati ya miaka ya sabini, tuliletewa mwalimu mkuu mpya, mtu wa milimani. Tulizoea walimu wanaokuja Isiolo kama waliofungwa jela, wakihesabu siku za kuondoka. Huyu alikuwa tofauti. Mwezi haukuisha akawa anawasalimu wazee kwa Kiturkana. Alikuja kupaka ukuta pamoja na akina mama, suruali ameikunja, nao wakamcheka na kumpenda. Alisoma insha yangu mbele ya darasa zima, akanipa kalamu yake mwenyewe, ya wino. Baba yangu alikuwa askari wa mlangoni Nairobi, tulimwona Krismasi, tena si kila Krismasi. Niseme tu ukweli: nilimpenda mwalimu yule kama baba. Angeniambia nipande juu ya paa nikaruke, ningeuliza kutoka upande gani.

Nikiwa darasa la saba alinipa kazi. Alitaka nyumba ichorwe yote, vipimo vyote, na kila kipande kiandikwe ni cha boma gani. "Wazee wanakwisha," aliniambia. "Tusipoandika, nani atajua?" Nilipima kwa kamba yenye mafundo, muhula mzima, kila jioni baada ya kengele. Nilizunguka maboma kuuliza. Akaniambia nichore pia nyufa, kila ufa, mdogo kwa mkubwa, maana fundi hatibu asichokiona. Nikazichora zote, hata zile zilizozibwa kitambo. Nilivyokuwa mwaminifu!

Kisha akaitisha mkutano Jumamosi asubuhi, ndani ya darasa lenyewe. Madarasa mapya ya matofali yalikuwa yanajengwa kwa harambee, na mwalimu alisema nyumba ya zamani itatengenezwa iwe maktaba. Alikuja na barua ya kurasa tatu, ya Kiingereza, ya kupelekwa serikalini, ukurasa wa mwisho ukiwa wa alama za vidole vya wakuu wa maboma. Mzee mmoja akamwambia aisome. Hapo ndipo mtu yule alipoonyesha akili yake. Alicheka, akasema, "Mimi ni mgeni, wazee wangu. Msije mkasema kesho mgeni aliwadanganya. Msomewe na mtoto wenu."

Akanipa mimi.

Muelewe jambo moja kuhusu watu wetu. Karatasi iliyosomwa na karani waliiogopa, waliigeuza, waliuliza mara tatu. Lakini karatasi iliyosomwa na mtoto wa boma lao, waliyemsomesha kwa mbuzi wao, haikuulizwa mara ya pili. Kuuliza kungekuwa kumtukana mtoto na mama yake. Mwalimu alikuwa amekaa nasi muda wa kutosha kulijua hilo.

Ukurasa wa kwanza niliusoma na kuutafsiri bila shida. Ulisifu nyumba, ukaeleza historia yake, nusu ya maneno yalikuwa yangu. Ukurasa wa pili ukanishinda. Kulikuwa na mistari kama minane ya Kiingereza cha kiofisi, sikuelewa kitu. Nikainua macho. Nyanya alikuwa amekaa mbele, ananitazama mdomo wazi, na wanawake wenzake wanamgusa bega kumpongeza. Mjukuu wake anaongea na karatasi ya serikali! Nilipaswa kusema, "Hapa sijui." Maneno mawili tu. Nikamtazama mwalimu. Akatabasamu, akasema polepole, "Hapo wanaeleza tu mambo ya kutengeneza paa." Nami nikageuka, nikawaambia wazee kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Hapa wanaeleza mambo ya kutengeneza paa."

Nyanya aliinuka wa kwanza. Aliitemea karatasi mate ya baraka, kama anavyobarikiwa mtoto anayeanza safari, akaweka kidole chake. Wengine wakafuata.

Nilipita mtihani. Mwalimu mwenyewe aliniandikia barua ya kunisifu, nikapata nafasi ya kidato cha kwanza, shule ya bweni, upande wa Meru. Nilirudi likizo ya Aprili na sare mpya, nimejaa maneno. Nikapita njia ya shuleni makusudi, ili wanione.

Nyumba haikuwepo. Nasema haikuwepo, hata jiwe la msingi. Lilikuwa limebaki lile bomba la moshi peke yake, limesimama katikati ya kiwanja, kwa sababu saruji yake iliwashinda. Kuku walikuwa bado humo.

Nilisimuliwa na jirani, kwa sababu nyanya hakutaka kusimulia. Mwezi Machi, kabla ya mvua, wanawake walikuja na ndoo zao za udongo kama kila mwaka. Wakakuta lori, na vijana juu ya paa wanang'oa mabati. Wakapiga mayowe. Mwalimu akatoka na askari wawili na ile barua. Ilisema kwamba nyumba ni mbovu, ni hatari kwa watoto, wenyewe wameomba ibomolewe, na vifaa vyote apewe mwalimu mkuu kwa kazi ya kuiondoa. Ushahidi wa ubovu ulikuwa umebandikwa nyuma: michoro yangu, nyufa zote. Na chini, vidole vyao. Lori lilibeba siku tatu. Wanawake walisimama na ndoo mpaka udongo ukakauka ndani yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nilikwenda kumtafuta, nikiwa bado na sare. Nikampata mtaa wa Bulla Pesa, kule mjini, kwenye ploti yake mpya ya nyumba za kupangisha, vyumba sita mfululizo. Kuta zilikuwa za mawe meusi, mara hii kwa saruji. Boriti za mutarakwa zilikuwa zimekatwa nusu kuwa miimo ya milango. Nilitafuta jiwe letu, sikuweza kulijua, yalikuwa yamechanganywa yote.

Alinipokea kwa furaha! Aliniuliza masomo yanaendeleaje. Akamwita mkewe aniletee chai. Nikamwambia, "Mwalimu, ulinidanganya." Nilitaka sauti itoke kali, ikatoka ya kulia. Hakukasirika hata kidogo. Aliweka mkono wake begani pangu, kama zamani, akasema, "Mama, mimi sikuwasomea wazee neno hata moja siku ile. Wewe ndiye uliyewasomea."

Nilimchukia mtu yule, na sijaacha, wala siombi kuacha. Wachungaji wameniambia nisamehe. Wao wasamehe, kama wana nafasi. Lakini usiku na mchana niliyaona maneno yake hayana kosa. Nilisoma mimi. Mistari minane niliiruka mimi, kwa sababu nilitaka nyanya aendelee kupongezwa begani.

Nyumbani hakuna aliyenilaumu. Bora wangenitukana. Nyanya aliendelea kuniwekea maziwa, kuniombea, kuuza mbuzi kila muhula ili nirudi shule. Sikuwahi kumweleza kuhusu mistari ile, naye hakuniuliza. Nikajiambia yamepita, kwamba amemtupia mwalimu lawama yote.

Miaka ya themanini ilipofika katikati, mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu. Mashamba ya Burat yalianza kuandikishwa, na wajanja walikuwa wengi, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikaja kuhakikisha kipande cha nyanya kinaandikwa kwa jina lake. Nilikwenda ofisini mwenyewe, nikapanga foleni siku mbili, nikarudi na fomu. Ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Nyanya alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Nikaketi karibu naye kwenye ngozi, nikamsomea neno kwa neno, polepole, sikuruka hata nukta. Nikamaliza. Nikafungua kidau cha wino, nikamshika mkono.

Akauvuta mkono, akauficha ndani ya shuka.

"Kuna yule mama wa kanisa anajua kusoma," akasema. "Mwite, asome na yeye."

"Nyanya, ni mimi," nikamwambia.

"Najua ni wewe, mama. Enda umwite."