Wiki ya Monsieur Augustin

Bibiane alikuwa mwalimu kwa kila mtu mjini Likasi isipokuwa kwa serikali. Wauza mboga wa mtaa wa Panda walimwita Madame. Wazazi walimwita Madame. Hata mume wake, siku akitaka chai ya pili, alimwita Madame kwa sauti ya upole. Lakini kulikuwa na orodha moja ya walimu, na kwenye orodha hiyo kila mwalimu ana namba yake, inayoitwa matrikule, na asiye na matrikule halipwi wala hahesabiwi. Miaka kumi na mmoja Bibiane alikuwa akiisoma orodha hiyo kila inapobandikwa, kuanzia juu mpaka chini, kisha kuanzia chini mpaka juu, na jina lake halikuwemo.

Si kwamba hakutafuta. Diploma yake ya ualimu alikuwa ameipiga fotokopi mara nyingi kiasi kwamba mwenye mashine alizikariri alama zake, na akimwona anakuja alimtania kuhusu zile za jiografia. Ofisini walimweleza utaratibu: ili aingie kwenye orodha anahitaji ripoti ya inspekta aliyemwona akifundisha. Inspekta naye huwakagua walio kwenye orodha tu. Bibiane alimwonyesha karani kwamba mambo hayo mawili yanafukuzana kama mbwa na mkia wake. Karani alimsikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akampongeza kwamba ameuelewa utaratibu vizuri kuliko wengi.

Akajaribu shule za binafsi. Moja ilitaka mwalimu mwenye umri usiozidi miaka thelathini na uzoefu usiopungua miaka kumi na mitano. Nyingine ilikuwa ya kanisa, na mchungaji alimwuliza alibatizwa mwaka gani. Alipotaja mwaka mmoja kisha akajisahihisha, aliambiwa aende nyumbani akakumbuke vizuri. Ya tatu ilimfanyia usaili kwa simu, mambo yakaenda vizuri kabisa, mtandao ukakatika, na haukurudi tena mpaka leo.

Ndivyo alivyoishia kwenye mpango wa Augustin.

Augustin alikuwa na matrikule tangu ujana wake, na kwa sababu hiyo aliichoka mapema. Miaka minne iliyopita aliona kwamba kununua mawe ya shaba kwa wachimbaji wa Kakanda kunamfaa zaidi kuliko kufundisha darasa la mwaka wa tatu, akaenda. Kwenye makaratasi hakwenda popote. Mshahara uliendelea kuingia kwa jina lake, naye akamkatia Bibiane kipande kila mwezi ili amshikie darasa. Direkta Théophile, mkuu wa shule, alijua yote. Alikuwa mtu mwema mwenye macho mabovu, na ubovu huo ulizidi palipokuwa na jambo la kuonwa.

Basi siku moja ikafika habari kwamba Ijumaa inspekta atakuja kuukagua mwaka wa tatu. Direkta alimwita Bibiane, akafunga mlango wa ofisi ambao haufungiki, akashusha sauti. Augustin atakuja kufundisha saa moja tu. Bibiane atakaa nyuma, kwenye benchi la mwisho, kama mjumbe wa komite ya wazazi.

“Mujumbe?” Bibiane akauliza. “Muzazi wa mutoto gani, Direkta?”

Direkta akafikiri kidogo. “Wa bote. Kidogo kidogo.”

Alasiri nzima ya Alhamisi Bibiane aliwafundisha watoto sitini na watatu kusimama pamoja na kusema “Bonjour, Monsieur.” Ilikuwa kazi kubwa, maana midomo yao ilikuwa imezoea Madame. Jaël, msichana wa miaka tisa wa benchi la mbele ambaye hakujua kudanganya na hakuona sababu ya kujifunza, aliuliza huyo Monsieur anatoka wapi. Bibiane akamjibu ukweli: anatoka Kakanda. Jaël akaridhika, akiamini kwamba huko ndiko akina Monsieur wanakotengenezwa.

Usiku huo Bibiane alijipigia hesabu ya maisha yake. Augustin akifaulu, yeye atarudi kwenye kivuli chake, labda miaka mingine kumi na mmoja. Augustin akishindwa, darasa linaweza kuondoka na wote wawili. Hakukuwa na upande uliokuwa wake. Asubuhi, akivuka reli karibu na viwanda vya zamani vya shaba, akakumbuka jambo. Watoto walikuwa wamefundishwa salamu. Hakuna aliyewafundisha jinsi ya kuitikia majina. Bado kulikuwa na dakika ishirini, za kutosha kuwafundisha. Bibiane akasimama, akakaza kitenge chake kilichokuwa kimekazwa tayari, akaendelea na safari polepole kama mgonjwa.

Inspekta alikuwa Mama Michelle, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu aliyefundisha miaka mingi kabla ya kupewa kalamu ya kuwahukumu wengine. Augustin alifika kwa pikipiki, ndevu zimejaa vumbi jekundu. Koti lake la ualimu lilikuwa limepotea siku nyingi, hivyo alivaa la Bibiane, lenye vifungo upande wa wanawake, na mikono iliyomwishia karibu na viwiko. Watoto walisimama. “Bonjour, Monsieur,” wakasema, vizuri kabisa. Direkta, aliyekuwa mlangoni, akapumua.

Kisha Augustin akafungua rejista akaanza kuita majina.

“Présent, Madame,” akajibu wa kwanza.

“Présent, Madame,” akajibu wa pili.

Augustin akakohoa, akawakunjia uso. Watoto wakadhani wamejibu kwa sauti ndogo. Wakaongeza. Wa ishirini alipiga kelele kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na mpaka wa sitini na tatu mwanamume yule mwenye ndevu alikuwa ameitwa Madame kwa heshima zote. Kule nyuma Bibiane alikuwa ameinama, anatafuta kitu sakafuni. Mama Michelle hakucheka. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini.

Somo lilikuwa la lita. Bibiane aliliandaa mwenyewe, akaweka mezani bidoni la maji, chupa na meka, lile kopo la kupimia unga sokoni. Augustin aliitazama meka, akaiweka pembeni, akauliza darasa mfuko mmoja wa mawe unajaza ndoo ngapi. Mikono ikapanda dari. Nusu ya watoto hao baba zao walikuwa machimboni. Wakaeleza habari za ndoo, wakaeleza habari za mizani zinazodanganya, mmoja akamsahihisha Augustin bei. Somo lilichangamka, hilo lazima tulikubali. Ila lita haikutajwa hata mara moja.

Mwishowe inspekta aliomba daftari la maandalizi ya masomo. Mwandiko ndani yake ulikuwa wa duara, umekaa juu ya mstari kama kuku juu ya ukuta. Akamwomba Augustin aandike tarehe ubaoni. Mwandiko wake ulilala upande mmoja kama watu wanaokimbia mvua. Mama Michelle akageuza kichwa taratibu kuelekea benchi la mwisho.

“Mama muzazi, mutoto wako ni gani hapa?”

Bibiane akasimama. Alikuwa na jibu moja tu, akalitoa. “Bote, Mama. Kidogo kidogo.”

Walikutana ofisini, wanne, mlango ukiwa umefungwa kwa mguu wa Direkta. Inspekta akasema anaweza kuandika alichokiona, na jioni hiyo watu watatu wakose kazi, na watoto sitini na watatu wabaki na ubao. Lakini yeye aliwahi kuwa na darasa kama lile, hataki. Augustin atashika darasa lake wiki nzima, kuanzia Jumatatu. Bibiane hatakanyaga. Ijumaa inspekta mwenyewe atarudi.

“Karatasi yangu iko na nafasi ya mwalimu mumoja,” alisema. “Augustin, ukifika mu Ijumaa, kalasi ni yako, na huyu mama anaenda kutafuta fasi ingine. Ukishindwa, unaandika barua ya kuacha, miye namuandikia huyu mama ripoti, na dosiye yake inaingia mu nafasi yako. Muko munasikia?”

Walikuwa wanasikia. Augustin akafuta vumbi jekundu kwenye kiatu chake, akasema atabaki. Bibiane hakumchukia kwa hilo, na ndilo lililomuuma. Alimwelewa. Kakanda leo inatoa, kesho shimo linafunga, na matrikule haifungi. Noëlla, mke wa Augustin, alikuwa amemwapisha mbele ya mchungaji wao kwamba hataiachia. Bibiane mwenyewe, kama angekuwa nayo, angelala nayo chini ya mto.

Jumatatu alikwenda Kakontwe, karibu na machimbo ya chokaa, alikosikia shule ya binafsi inatafuta mwalimu. Mwenye shule alimpenda. Akamwuliza miaka minne ya mwisho amefundisha wapi, na nani anaweza kuthibitisha. Bibiane akaanza kutaja shule, akaona kwamba kwenye karatasi zote za miaka hiyo anayeitwa mwalimu ni mwanamume mwenye ndevu. Akaaga, akarudi kwa miguu na mavumbi meupe mpaka magotini.

Jumatano saa nane mchana Augustin alikuja nyumbani kwake. Sauti yake ilikuwa imekwisha, akamwita yaya, dada mkubwa, akiongea kwa pumzi tu kama mtu anayeungama.

“Yaya Bibiane, bale batoto unabanyamazishaka namna gani?”

Kulikuwa na siri, nayo ilikuwa ndogo. Bibiane hakupandisha sauti kamwe. Kelele zikizidi yeye alishusha sauti, na watoto wakanyamaza ili wasikie. Siri hiyo ilimfika mpaka kwenye ulimi. Akaimeza, akamkaribisha kiti, akamwekea maji ya kunywa, na badala yake akamweleza mambo mengine, yote ya kweli, ila yote kwa mara moja. Kwamba kesho ni imla, na madaftari sitini na matatu ya kusahihisha kabla ya Ijumaa. Kwamba wazazi watakaokuja kulalamika huanza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wapole ndio wabaya. Kwamba mwisho wa mwezi kuna ripoti tatu kwa Direkta, na kwamba wale mapacha wa benchi la nne lazima watenganishwe, lakini wakitenganishwa wanalia wote wawili.

Augustin alisikiliza akiwa ameshika glasi kwa mikono miwili.

“Kila siku?” akauliza.

“Kila siku, mudogo wangu. Na mwezi ujao inaanza upya.”

“Na miaka minne yote ulikuwa unafanya ivi?”

“Kumi na moja,” Bibiane akasema. “Ile ingine nilifanyia balimu bengine.”

Kijana huyo, maana kwake alikuwa bado kijana, alikuwa anamtazama kama mtu anayeona nyumba aliyoipita kila siku bila kujua kwamba ndani kuna watu. Bibiane aliona aibu kidogo, kwa sababu ya siri ile. Hakuona aibu ya kutosha kuitoa.

Ijumaa alikuwa bombani anachota maji simu ilipolia. Ilikuwa Direkta, akimwomba aje haraka, alivyo. Akaja alivyo, na kitenge kilicholowa. Augustin alikuwa amekaa nje ya darasa, bado amevaa koti la Bibiane, mgongo ukutani, na madaftari ya imla mapajani, yaliyosahihishwa mpaka la kumi na nane. Barua ya kuacha kazi ilikuwa juu ya madaftari hayo, imekwisha sainiwa. Alimwambia Bibiane kwa ile sauti ya pumzi kwamba Noëlla amelia, kisha amekuja mwenyewe Alhamisi kushuhudia, amekaa darasani nusu saa, na akitoka akamwambia mume wake aandike.

Mama Michelle alikuwa ndani tayari, kwenye benchi la mwisho, peke yake katikati ya zogo. Bibiane akaingia. Akauliza kwa sauti ndogo sana meka moja inachukua lita ngapi, na kutoka mbele kwenda nyuma, benchi baada ya benchi, zogo likazimika. Alifundisha saa nzima. Walimimina maji, wakamwaga mengi, wakapima yaliyobaki, wakagundua kwamba meka ya muuzaji mmoja anayejulikana ina tumbo lililobonyezwa kwenda ndani.

Ripoti iliandikwa ofisini. Kwa mara ya kwanza mtu wa serikali alimwuliza majina yake yote matatu, akayaandika polepole, kwa kalamu isiyofutika. Bibiane alikuwa amejiandaa kulia, lakini jicho lake likafika kwenye nafasi ya alama kabla ya machozi. Bon. Nzuri. Na juu ya Bon kuna Très bon, nzuri sana. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kubishana na mtu yeyote ofisini, na sasa akasikia mdomo wake unaanza.

“Mama Inspekta, samahani. Kwa nini Bon tu?”

Mama Michelle akageuza karatasi ili asome mwenyewe yaliyoandikwa chini, penye maoni: mwalimu ameliacha darasa wiki nzima mikononi mwa mtu asiyejua kufundisha.

“Lakini ni weye ulisema nisikanyage,” Bibiane akasema.

“Njo vile,” inspekta akakiri, bila tabasamu hata chembe, akifunga kalamu. “Na weye ukakubali. Mwaka ujao usikubali, nitaongeza.”

Dosiye, faili la karatasi zake, iliingia kwenye mkoba wa Direkta, na Jumatatu ingepanda gari kwenda ofisi kuu za Lubumbashi. Huko, kila mtu alijua, inaweza kukaa miezi, inaweza kukaa miaka. Bibiane alitia saini mahali palipoandikwa kwamba mwalimu ameona na amekubali. Neno la mwisho, amekubali, alitaka kulikata, Direkta akamshika mkono. Kisha Bibiane akachukua kutoka kwa Augustin madaftari arobaini na matano yaliyobaki, akamwomba amrudishie koti lake, akaenda zake.