Leseni ya Mke wa Sajenti

Verna Tackett alikuwa na mkasi alioununua akiwa binti wa miaka kumi na tisa, wiki aliyofaulu mtihani wa ufundi wa nywele kwao Kentucky. Mkasi huo ulizunguka naye majimbo sita. Mumewe, Sajenti Russell Tackett, alikuwa fundi wa helikopta za jeshi, na kila baada ya miaka miwili mitatu walifunga virago kwa amri ya uhamisho. Kila walikofika, Verna aliambiwa leseni yake haitambuliki hapo, utadhani nywele za jimbo moja huota chini-juu ukilinganisha na za jimbo jingine. Kansas walimrudisha darasani kuosha kichwa cha mwanasesere, yeye aliyekwisha kupamba maharusi. Hawaii hakujisumbua hata kuuliza. Aliosha vyombo hotelini, na jioni akawakata nywele wake wa askari wenzake jikoni kwake, mapazia yameshushwa kana kwamba wanapika gongo.

Ndipo wakahamishiwa Pruitt, mji uliojibana kwenye lango la kambi, na huko sheria ilikuwa imelegea. Mke wa askari aliyeletwa kwa amri aliruhusiwa kufanya kazi kwa leseni ya alikotoka. Verna alilia kwenye maegesho ya magari siku alipopewa habari hiyo, tena kwa sauti. Akapata kiti kwenye saluni ya watu, akapata wateja waliokataa kuguswa na mkono mwingine, na mwaka huu akakodi chumba chake mwenyewe karibu na duka la donati. Alipaka kuta rangi kwa mikono yake. Angefungua Jumatatu.

Russell aliyaona yote hayo. Walipotaka kumpandisha cheo na kumpeleka kambi nyingine, alikataa, akaomba kustaafu. "Umenifuata vya kutosha, mke wangu," alimwambia. Alikwisha kuahidiwa kazi kwenye karakana ya ndege hapo hapo Pruitt.

Ijumaa wakamuaga ukumbini kambini. Kama ilivyo desturi, mke naye aliitwa mbele, akapewa mawaridi na cheti cha kumshukuru kwa uvumilivu wake, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Wanja ukamchuruzika hadi kidevuni. Kwenye meza, kando ya nyama ya nguruwe na chai baridi yenye sukari ya kuumiza meno, kulikuwa na keki pana aliyoiagiza Russell mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwa sukari ya buluu: HATUHAMI TENA.

Ilene Boggs alikuja na kisahani chake kumpongeza. Mume wake alistaafu mwaka uliopita. Zamani Ilene alisafisha meno ya watu kliniki. Siku hizi alitengeneza mishumaa nyumbani, na Verna alidhani ni uvivu tu wa mtu aliyechoka kuamka mapema.

"Na ile saluni yako mpya utamwachia nani?" Ilene akauliza.

Verna akacheka. Amwachie nani, na wakati anafungua Jumatatu?

Ilene akaweka kisahani chini taratibu. "Shoga, kwani hukuambiwa? Ile ruhusa ni ya mke wa askari aliye kazini. Akivua sare, na wewe umevuliwa. Unadhani mimi niliacha kazi yangu kwa kupenda mishumaa?"

Verna aliona ni utani, halafu akaona Ilene hacheki. Akatoka hadi ukumbi mwembamba wa nje, mawaridi yamebanwa kwapani, akaipigia simu bodi ya leseni. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti laini kabisa. Alisema ni kweli: jeshi likishamalizana na mume, ruhusa inakwisha, na kwa kuwa jimbo hilo linadai masomo marefu kuliko Kentucky, itambidi arudi chuoni kwanza. Kisha akaishukuru familia yake kwa kulitumikia taifa.

Alikaa sakafuni na gauni lake jipya, mdomo wazi, simu imeshakatika. Miaka yote hiyo alidhani mkasi ni wake na mikono ni yake. Kumbe kiti, wateja, kuta alizozipaka rangi, vyote vilining'inia kwenye kifungo cha shati la mtu mwingine, na mtu huyo amelivua leo mbele ya watu, naye Verna akapigiwa makofi!

Russell alimkuta hapo. Alikuwa na kipande cha keki chenye neno TENA, na mwanzoni alitabasamu, akidhani ni furaha imemzidi. Verna akamweleza. Rangi ikamtoka usoni.

"Lakini nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikurushie nini."

Alisema atarudi kwa kamanda sasa hivi, atabatilisha. Wote wawili walijua hakuna cha kubatilisha. Jina lake lilikwisha kutolewa jeshini, na cheo chake kilikwisha kupewa mwingine. Akabaki na keki mkononi, mtu mzima asiyejua aishike vipi.

Verna aliwaza leseni ya Kentucky. Hakuwahi kuiacha ife. Kila ilipofika wakati aliihuisha, na Russell akimtania kwamba analipia kumbukumbu. Kentucky ndipo mahali pekee duniani alipokuwa fundi wa nywele bila kuwa mke wa mtu. Huko Russell hakuwa na kazi wala rafiki, na mama yake Verna hakuwahi kumpenda sana mkwewe.

Akainuka kwa kushika ukuta, akajipangusa wanja.

"Russell, nimepata amri ya uhamisho."

Ndani walikuwa wanamwita Russell aje kupigwa picha. Kisha mgongo wake ukanyooka wenyewe, kwa mazoea.

"Tunaripoti lini?" akauliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Verna swali hilo.