Mguu wa Kushoto wa Baba

Gari la baba yangu lilisikika kabla ya kuonekana. Likikata kona tu pale kwenye duka la vioo, kiiiii! Basi mchomeleaji anazima mashine, muuza matairi anasimama, na jirani yangu tunayemwita Bwana Betri anaweka mikono kiunoni. Hawaliangalii gari. Wananiangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi breki wa mtaa ule, kibao changu kimeandikwa BREKI kwa rangi nyekundu, na mwenye gari ni mzazi wangu.

"Fundi, mgonjwa wako huyo," anasema Bwana Betri. Kila siku hilo hilo. Hana lingine.

Baba anashuka taratibu, anafunga mlango kwa viganja viwili utadhani analaza mtoto, halafu anakuja kunisimamia mimi nikiwa chini ya gari la mtu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Afadhali. Nilidhani una tatizo la masikio. Kumbe ni mikono."

Ndivyo alivyo. Ameendesha malori maisha yake yote na hajawahi kugonga hata kuku, na ukikaa naye muda wa kumaliza kikombe cha chai utaambiwa hivyo mara mbili. Mimi mwenyewe kuendesha nilifundishwa na yeye, na nilivyogombezwa siku zile, sijagombezwa hivyo tena na mtu yeyote. Alipostaafu akanunua kigari cha otomatiki, akakipenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe, maana sisi hakuna aliyetufuta vumbi kwa kitambaa laini kila asubuhi. Kazi yake sasa ni kumwendesha Mama: sokoni, kwa mama mdogo, kwenye kikundi chao cha kina mama. Mama anakaa mbele, mkoba mapajani, kama mkurugenzi.

Basi nikalitengeneza. Nilipofungua magurudumu nikakuta pedi za breki zimeungua, zinang'aa kama kioo. Pedi ikishakuwa hivyo haishiki diski vizuri, inateleza na kulia. Nikatia mpya. Nikaliendesha mwenyewe mpaka barabara kuu na kurudi: kimya kabisa. Haukupita mwezi, kiiiii. Nafungua tena, naona zile zile pedi mpya zinang'aa! Nikaenda kwa muuza spea, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia takataka, nikachukua nyingine za bei mbaya. Nikapiga diski msasa, nikasafisha kila kona, nikapaka grisi mgongoni mwa pedi pale panapopakwa. Nikaliendesha mimi: kimya. Akaliendesha Baba: siku za mwanzo kimya, halafu likaanza wimbo wake.

"Hata taa zake za nyuma sijawahi kuziona zimezimika," Bwana Betri akaniambia. "Anapita hapa barabara tupu, hakuna wa kumsimamisha, lakini zinawaka tu."

"Wewe uza betri," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira sisikii la mtu.

Halafu Baba akatoa neno lililonikata maini. Alikuwa ameegemea mlango wa gereji, anachezea funguo.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Sitaki ugomvi. Hili likilia tena wiki hii, nampelekea Mzee Spana alitazame."

"Baba!"

"Kwani kuna ubaya gani? Si ndiye aliyekufundisha?"

Ubaya upo, na anaujua. Mzee Spana ndiye aliyenifundisha kazi, kweli, sikatai. Lakini nilipoaga nikafungue gereji yangu, aliwatangazia watu wote wa barabara ya chini kwamba nitarudi kwake nalia kabla rangi ya kibao haijakauka. Rangi ilikauka. Kila nikipita kwake nanyoosha shingo. Sasa nione gari la baba yangu mzazi limepandishwa jeki kwa Mzee Spana, kwa ajili ya breki? Ningekishusha kile kibao kwa mikono yangu na kwenda kuuza nyanya.

Nikakaa juu ya tairi nikafikiri. Likiendeshwa na mimi, kimya. Likiendeshwa na yeye, kiiiii. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile. Nikatia pedi mpya kwa mara nyingine, nikasema safari hii na mimi napanda.

Kesho yake walikuwa wanakwenda kwa mama mdogo, nikajipakia nyuma.

"Leo fundi hana kazi?" Mama akauliza.

"Nimewakumbuka tu."

"Hee! Makubwa," akasema, na tukaondoka.

Hatujafika hata kwenye duka la vioo, nikajifanya nimeangusha ufunguo, nikainama katikati ya viti viwili kuchungulia. Mguu wa kulia wa Baba ulikuwa kwenye mafuta, kama kawaida. Wa kushoto, jamani, ulikuwa umekaa juu ya breki. Haukanyagi sana, umelala tu pale na uzito wake, na gari linakwenda. Miaka yote ya malori mguu ule ulikuwa wa klachi. Otomatiki haina klachi. Mguu ulistaafu ukakosa kazi, ukajitafutia nyingine, na kazi yenyewe ni kunichomea pedi zangu!

Na zile taa za nyuma, kumbe ni breki iliyokuwa inaziwasha. Bwana Betri atanisimanga mpaka niingie kaburini.

"Baba, mguu!" nikapiga kelele.

Akashtuka, akakanyaga, mkoba wa Mama ukaruka mpaka chini. Akaegesha pembeni, akanigeukia taratibu.

"Unanifundisha kuendesha?"

"Mguu wa kushoto unakaa kwenye breki muda wote. Ndio unaochoma pedi. Ndio unaoliliza gari."

"Mimi sijawahi kugonga hata ku..."

"Kuku, tunajua," Mama akadakia. "Mtoto anasema kweli. Huo mguu huko ndiko nyumbani kwake tangu nilipotoka hospitali."

Niwaeleze hapo. Mwaka juzi Mama alipasuliwa mgongo. Siku ya kumrudisha nyumbani Baba aliendesha kwa mwendo ambao waenda kwa miguu walitupita, na kila kishimo Mama alishika mpini wa mlango na kusema "aaah". Lakini hayo yamepita. Sasa hivi Mama anainua ndoo mwenyewe, na kwenye kikundi chao ndiye anayeanza kucheza na wa mwisho kukaa.

"Naweka mguu kwa sababu yako," Baba akasema, sauti imeshuka. "Kila nikitupa jicho naona umeshika mlango. Najua bado unaumia, hutaki tu kusema."

"Mimi naumia? Nilishapona zamani!"

"Sasa mlango unaushikia nini?"

"Naushika kwa sababu unagusagusa breki! Gari likisitasita najiambia huyu ameona kitu mbele, nishike nisije nikaumia nikakutia wasiwasi!"

Wakatazamana. Mimi nyuma nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Baba akawa anageuzageuza kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Dawa niliipata hapo hapo. Nikamhamishia Mama kiti cha nyuma, nikakaa mimi mbele. Baba asipouona ule mkono wa Mama mlangoni, mguu unatulia sakafuni. Tukaenda kwa mama mdogo na kurudi, na nikawaambia wakae hivyo hivyo kuanzia siku ile. Wiki ikaisha, gari likapita mbele ya gereji kimya, Mama nyuma ananipungia mkono. Nilimwangalia Bwana Betri mpaka akajidai anatafuta kitu kwenye boksi lake. Habari za Mzee Spana zikafa.

Raha ile ilikuwa fupi. Siku moja, kwa mbali, kiiiii. Natoka nje, Mama yuko mbele, mkoba mapajani. Baba akashuka, na kwa mara ya kwanza hakunichokoza.

"Nilijaribu, mwanangu," akasema. "Lakini akikaa nyuma namsikia nusu nusu. Akicheka sijui anacheka nini. Nakuwa kama dereva wa kukodi."

"Basi kaeni pamoja, ila mguu uuache chini."

"Nauacha. Nikiuona tu ule mkono wake, unarudi wenyewe." Akavua kofia, akaivaa tena. "Najua nakuharibia kazi. Nimeamua nitakuwa napita barabara ya nyuma. Ni ndefu kidogo, lakini watu wako hawatanisikia."

Jamani, mtu huyu! Nikageuza uso nikajifanya natafuta spana namba kumi na nne, ambayo nilikuwa nimeishika.

"Utapita hapa hapa," nikamwambia. "Na uje nikubadilishie pedi kila nikikuita. Usinibishie."

Alipokuwa anarudi ndani ya gari, mteja mmoja mgeni, aliyeleta pikapu yake asubuhi ile, akauliza kwa sauti watu wote wasikie, "Samahani, hilo gari linatengenezwa na nani?"

Mchomeleaji akazima mashine. Bwana Betri akaweka mikono kiunoni.

Baba akawasha gari, akamtupia Mama jicho. Mama alikuwa ameshashika mpini wa mlango, anasimulia kitu huku anacheka. Taa za nyuma zikawaka, na zikaendelea kuwaka mpaka walipopotea kwenye kona.

"Mimi," nikamjibu yule mteja. "Limenishinda."